Maandishi ya Siri, na Sababu ya Kuyajaribu Hadharani

Kitenzi "kufumba" katika Kiswahili kina maana ya kufunga kitu ambacho kwa tabia yake huweza kufunguka tena: hufumbwa macho, hufumbwa mdomo, hufumbwa mkono wenye kitu ndani yake. Kutoka hapo likapatikana neno "fumbo", yaani maneno yaliyofungwa maana yake, na tendo la kuyafungua huitwa "kufumbua". Maneno haya yatosha kueleza elimu inayohusika na makala hii, elimu ya kuandika habari kwa namna ambayo aliyekusudiwa ataisoma, na asiyekusudiwa ataona takataka tupu. Wenye programu za kompyuta wamezoea siku hizi kusema "usimbaji fiche". Ni neno halali, lakini ni refu, na asikiaye "kusimba" kwa mara ya kwanza humfikiria mnyama wa mwituni. Humu yatatumika maneno ya zamani: kufumba ni kuyageuza maandishi kwa kanuni na ufunguo, kufumbua ni kuyarudisha kwa ufunguo, na kuvunja ni kuyapata bila ya kupewa ufunguo.

Watu wa pwani walikuwa na fumbo lao la mdomo, liitwalo kinyume. Silabi ya mwisho ya neno huondolewa mahali pake ikatangulizwa, hata "habari" likawa "rihaba" na "safari" likawa "risafa". Askofu Steere aliliandika jambo hili katika karne ya kumi na tisa. Mchezo huu wafaa kuwa mfano wa kwanza, kwa kuwa udhaifu wake ni udhaifu wa mafumbo mengi makubwa yaliyokuja kutengenezwa na watu wenye fedha na mitambo: siri yote imo katika kanuni. Mtu akishaijua kanuni hiyo mara moja, kila aliyewahi kusema kinyume mbele yake amefumbuliwa, wala hapana kitu cha kubadili ila kutafuta mchezo mwingine.

Waliotangulia kuyavunja mafumbo kwa elimu walikuwa watu wa lugha. Yasemekana kwamba al-Khalil bin Ahmad, yule aliyeipa Kiarabu elimu ya arudhi katika karne ya nane, aliandika kitabu juu ya maandishi yaliyofumbwa, nacho kimepotea. Kilichosalia ni risala ya al-Kindi, mwanafalsafa wa Baghdad wa karne ya tisa, ambayo nakala yake ilionekana Istanbul katika karne ya ishirini. Al-Kindi alieleza kwamba herufi za lugha hazitumiki kwa kiasi kimoja. Mwenye kutaka kuvunja fumbo na achukue maandishi ya kawaida ya lugha ile ile, ahesabu kila herufi imetokea mara ngapi, kisha ahesabu alama za lile fumbo. Alama iliyozidi kutokea itakuwa ni herufi iliyozidi kutokea. Jambo la kupendeza ni kwamba neno la Kiarabu "sifr", lililoingia Kiswahili likawa "sifuri", ndilo hilo hilo lililopita katika Kilatini cha Ulaya, likawapa Waingereza, Wafaransa na Wajerumani jina lao la maandishi ya siri.

Kiswahili chenyewe hakijifichi vizuri. Katika sentensi fupi kama "Barua ya mama haijafika hata sasa" mna herufi 28, na 12 katika hizo ni "a". Anayebadilisha kila herufi kwa alama nyingine, alama moja kwa herufi moja, hawezi kuificha "a" hata siku moja. Tena silabi za Kiswahili aghalabu huishia kwa irabu, basi irabu na konsonanti hupishana kwa mwendo ambao mvunjaji huutambua upesi. Na upatanisho wa kisarufi, unaowafurahisha wanafunzi wa lugha, humsaliti mwandishi wa siri kuliko yote: ukisema "watoto wake wawili walifika", maneno manne yaanza kwa herufi mbili zile zile, na mvunjaji aliye na mazoea ya ngeli atajua mara moja kwamba habari ni ya watu.

Mtu aliyeliweka sharti kubwa la elimu hii naye alikuwa mwalimu wa lugha. Auguste Kerckhoffs alizaliwa Uholanzi, akafundisha Kijerumani mjini Paris, na baadaye akawa miongoni mwa viongozi wa Volapük, lugha ya kubuniwa iliyotarajiwa kuunganisha mataifa. Mwaka 1883 alichapisha, katika jarida la mambo ya kijeshi la Ufaransa, makala mbili juu ya mafumbo ya jeshi, akataja masharti sita. Sharti la pili ndilo lililobaki vinywani mwa watu: mtambo wa kufumba usihitaji kuwa siri, na uweze kuanguka mikononi mwa adui bila ya madhara. Siri yote na ikae katika ufunguo, kitu kidogo ambacho mwenyewe aweza kukibadilisha leo jioni akipata shaka. Ndivyo yalivyo makufuli ya dukani: kila mtu aweza kulinunua la namna ile ile, akalifungua sebuleni kwake na kutazama vyuma vyake, na bado asiweze kuingia nyumba ya jirani.

Katika sharti hilo mna hatua ya pili ambayo Kerckhoffs hakuifuata mpaka mwisho wake. Ikiwa kanuni haihitaji kufichwa, yaweza kuonyeshwa kwa watu. Na ikiwa yaweza kuonyeshwa, yaweza kujaribiwa na wale wasio na haja ya kuisifu. Hapo ndipo panapoingia vyuo vikuu. Lakini ilichukua muda wa miaka 90 kabla serikali yoyote haijathubutu kufanya hivyo.

Kati ya nyakati hizo alikuja Claude Shannon, wa maabara ya kampuni ya simu ya Bell huko Marekani. Taarifa yake ya siri ya mwaka 1945 ilitolewa kwa umma mwaka 1949. Shannon aliyageuza mafumbo kuwa tawi la hesabu, akaonyesha kwamba fumbo zuri lina kazi mbili: kuvuruga uhusiano ulioko baina ya ufunguo na maandishi yanayotoka, na kutawanya athari ya kila herufi hata ienee katika maandishi yote. Ile "a" ya Kiswahili, ikitawanywa ipasavyo, haionekani tena mahali popote.

Mwezi wa Mei 1973 Idara ya Vipimo ya Marekani ilitangaza kwamba yatafuta kanuni moja ya kufumba, itakayotumiwa na serikali na kuachwa wazi kwa makampuni. Sababu yake ni nyepesi kueleweka: benki zilikuwa zimeanza kupeleka hesabu zao kwa nyaya za simu. Tangazo la kwanza halikuleta kitu cha kufaa. La pili, la Agosti 1974, liliipata kampuni ya IBM, ambayo Horst Feistel, mzaliwa wa Ujerumani, alikuwa amekwisha kuitengenezea fumbo lililoitwa Lucifer. Kazi hiyo ikarekebishwa, ikachapishwa mwaka 1975 ili watu waseme yao, na mwezi wa Januari 1977 ikawa kipimo rasmi kwa jina la DES.

Watu walisema yao. Mambo mawili yaliwatia shaka. La kwanza, ufunguo ulikuwa wa biti 56 tu, ilhali Lucifer iliwahi kuwa na ufunguo wa biti 128. La pili, ndani ya kanuni mlikuwamo meza nane za tarakimu ambazo sababu za kuchaguliwa kwake hazikuelezwa, na ilijulikana kwamba Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani, ambalo kazi yake ni kuvunja mafumbo ya wengine, lilikuwa limeshauriana na IBM. Whitfield Diffie na Martin Hellman wa Chuo Kikuu cha Stanford walipiga hesabu. Funguo za biti 56 ni 72,057,594,037,927,936. Idadi hiyo yatisha kwa kuitazama, lakini mwaka 1977 walikadiria kwamba mtambo wa dola milioni 20 hivi ungeweza kuzijaribu zote kwa muda wa siku moja. Serikali haikuikubali hesabu hiyo.

Kazi yao kubwa zaidi ilikuwa imechapishwa mwaka uliotangulia, 1976, nayo ilionyesha kwamba watu wawili wasiowahi kuonana waweza kupatana juu ya ufunguo wa siri huku kila mtu akiwasikiliza. Mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman wa chuo cha MIT walipata njia yao ya kutumia ufunguo mmoja wa kufumba, uliotangazwa kwa wote, na mwingine wa kufumbua, uliofichwa. Juu ya mawili haya ndipo palipojengwa biashara yote ya mtandao wa intaneti. Yafaa ikumbukwe kwamba Waingereza watatu wa idara ya siri ya GCHQ, James Ellis, Clifford Cocks na Malcolm Williamson, walikuwa wameyagundua hayo yote baina ya 1970 na 1974, wakanyamaza kwa amri. Habari yao ilitolewa mwezi wa Desemba 1997. Ellis alikuwa amefariki mwezi mmoja kabla yake. Ugunduzi uliofungiwa kabatini haukumfungulia mtu mlango wowote kwa muda wote huo, wala haukujaribiwa na mtu wa nje.

Uchapishaji wenyewe ulikaribia kuwa kosa la jinai. Mwezi wa Julai 1977 mfanyakazi mmoja wa Shirika la Usalama wa Taifa alikiandikia chama cha wahandisi wa umeme cha Marekani, akionya kwamba kuchapisha makala za elimu hii na kuzisoma mbele ya wageni kwaweza kuwa ni kuvunja sheria ya kuuza silaha nje. Mwezi wa Oktoba ulikuwako mkutano wa wataalamu huko Ithaca, katika jimbo la New York, na wanafunzi wawili wa Hellman walikuwa na makala za kusoma. Mwanasheria wa chuo alishauri kwamba, ikiwa patakuwa na kesi, yafaa ashtakiwe profesa aliyekwisha kuajiriwa kwa kudumu kuliko vijana ambao kesi hiyo ingewamaliza kabla hawajaanza. Hellman akazisoma mwenyewe. Hakushtakiwa mtu. Lakini ni vizuri kukumbuka kwamba elimu inayofundishwa leo katika vyuo vya dunia nzima ilipita kwenye kichochoro chembamba namna hiyo.

Swali la zile meza nane lilikaa miaka mingi bila ya jibu. Mwaka 1990 Eli Biham na Adi Shamir, wa Taasisi ya Weizmann huko Israeli, walitangaza njia mpya ya kuvunja. Mvunjaji huchukua maandishi mawili yaliyo karibu sawa, yenye tofauti anayoijua, akayafumba yote mawili, kisha akaifuata ile tofauti jinsi inavyosafiri ndani ya kanuni, kama mtu atiaye rangi katika mfereji ili aone maji yatokea wapi. Akirudia mara nyingi, ufunguo hujitokeza. Njia hiyo iliyaangusha mafumbo mengi ya wakati ule, na miongoni mwake FEAL, lililotengenezwa na kampuni ya simu ya Japani, NTT. DES ikasimama karibu bila ya kuyumba: kuivunja kwa njia hiyo kulihitaji maandishi ya kuchaguliwa yapatayo 2 kwa kipeo cha 47, kiasi kisichopatikana kwa kazi ya kweli. Tena ilionekana kwamba mtu akizibadilisha zile meza, hata kwa kuzipanga upya tu, fumbo hudhoofika sana. Jawabu lilitolewa mwaka 1994 na Don Coppersmith wa IBM: watengenezaji waliijua njia hiyo tangu mwaka 1974, wakazichagua meza ili ziikinge, na baada ya kushauriana na Shirika la Usalama wa Taifa wakakubali kunyamaza.

Basi waliotilia shaka walikosea juu ya meza, wakapatia juu ya ufunguo. Mtetezi wa siri aweza kusema kwamba hapa unyamavu ulifaa kitu, maana DES ililindwa. Lakini hoja hiyo ina upungufu wake. Katika miaka hiyo 16 watu wa nchi nyingine, na makampuni yasiyokuwa na rafiki serikalini, waliendelea kutengeneza na kuuza mafumbo yenye ufa uliokuwa unajulikana na wachache. Na wenye DES wenyewe hawakunufaika na macho ya wengine: mwaka 1993 Mitsuru Matsui, mtumishi wa kampuni ya Mitsubishi, alileta njia ya pili ambayo meza zile hazikuonekana kuwa ziliandaliwa kuikinga, na mwaka 1994 aliivunja DES kwa majaribio, akitumia kompyuta 12 kwa muda wa siku 50.

Mwisho wake haukuhitaji akili nyingi. Mwezi wa Julai 1998 chama cha kutetea haki za watu katika mambo ya kompyuta, EFF, kiliunda mtambo kwa gharama isiyofika dola 250,000, ukajaribu funguo moja baada ya moja, ukaupata uliotakiwa kwa saa 56. Ile hesabu ya Stanford ya mwaka 1977 ilikuwa imepunguziwa bei na wakati, si zaidi ya hapo.

Serikali ya Marekani, na hili ni la kusifiwa, ilijifunza. Mwaka 1997 taasisi iliyorithi kazi za ile Idara ya Vipimo, iitwayo NIST, ilitangaza mashindano ya kupata kanuni mpya kwa masharti tofauti kabisa: kila kanuni ielezwe yote, sababu za kila meza zitolewe, na washindani wapewe nafasi ya kuvunjana. Kanuni 15 zilikubaliwa mwezi wa Agosti 1998, nazo zilitoka Marekani, Kanada, Ufaransa, Ujerumani, Japani, Korea, Australia, Ubelgiji, hata Costa Rica. Katika watengenezaji walikuwamo maprofesa na waajiriwa wa makampuni, na mara nyingi timu moja ilikuwa na wote wawili. Fumbo lililoletwa na kampuni ya simu ya Ujerumani lilivunjwa na waliohudhuria mkutano ule ule lilipokuwa likielezwa. Huenda hakuna aibu kubwa kuliko hiyo kwa mhandisi. Lakini ni aibu ya siku moja, na iliwaokoa watu ambao wangelitumia fumbo hilo kwa miaka 20.

Baada ya mikutano ya Ventura na Roma zilibaki tano, na baada ya ule wa New York, tarehe 2 Oktoba 2000, ikachaguliwa ile ya Wabelgiji wawili, Joan Daemen, aliyekuwa katika kampuni ya kadi za fedha, na Vincent Rijmen wa Chuo Kikuu cha Leuven. Waliiita Rijndael kwa kuunganisha majina yao. Ikawa kipimo rasmi mwezi wa Novemba 2001 kwa jina la AES. Mwaka 2003 Marekani iliruhusu itumike hata kwa siri zake za juu, na hivyo nchi ile ikazitia siri zake katika kufuli la wageni, kwa kuwa kufuli hilo lilikuwa limetazamwa na kila mtu. Tangu hapo limeshambuliwa bila ya kupumzishwa. Shambulio bora juu ya kanuni nzima, lililotangazwa mwaka 2011, lapunguza kazi ya kuutafuta ufunguo wa biti 128 kwa mara nne hivi, yaani kutoka kazi isiyowezekana mpaka robo ya kazi isiyowezekana.

Wakati AES ikitazamwa namna hiyo, fumbo jingine lilikuwa mifukoni mwa watu wengi zaidi, nalo halikuonyeshwa kwa mtu. Simu za mkono za mpango wa GSM hufumba sauti na barua fupi zinapopita hewani. Kanuni yake, A5/1, ilitengenezwa Ulaya mwaka 1987, na nyingine dhaifu zaidi, A5/2, ikafuata kwa ajili ya nchi ambazo hazikuaminiwa kupewa ile ya kwanza. Zote mbili zilifichwa kwa makusudi, kinyume cha sharti la Kerckhoffs lililokuwa na umri wa zaidi ya miaka 100. Umbo la A5/1 lilivuja mwaka 1994. Mwaka 1999 Marc Briceno aliitoa yote kutoka katika simu yenyewe. Mwaka 2000 Biryukov, Shamir na Wagner walionyesha jinsi ya kuivunja kwa kompyuta ya kawaida. Na mwezi wa Desemba 2009 Karsten Nohl alionyesha mjini Berlin majedwali yaliyokwisha kupigiwa hesabu, ambayo mtu yeyote aweza kuyatumia. A5/2 ilikuwa imekwisha kuaibishwa mwaka 2003 na ikaondolewa.

Mitandao ya GSM ndiyo iliyoenea Afrika ya Mashariki tangu miaka ya 1990, na katika simu hizo hizo ilianza Kenya, mwaka 2007, huduma ya fedha ya M-Pesa. Kuvunjika kwa fumbo la hewani si sawa na kuvunjika kwa huduma ya fedha, ambayo huweza kuwa na kinga zake juu ya hiyo. Msomaji asichanganye mambo haya. Lakini mazungumzo ya mfanyabiashara wa Mombasa na mteja wake wa Kampala yalipita chini ya kufuli ambalo hakuna mtaalamu wa Mombasa wala Kampala aliyeulizwa juu yake, na ambalo wataalamu wa kila mahali wangalilikataa kama wangalionyeshwa.

Habari ya GEA-1 ni nzito zaidi. Hii ni kanuni iliyolinda mawasiliano ya intaneti katika simu za miaka ya mwisho ya 1990, nayo pia ilifichwa. Ufunguo wake ulisemwa kuwa wa biti 64. Mwaka 2021 watafiti wa Ujerumani, Ufaransa na Norway waliipata, wakaichunguza, wakakuta kwamba sehemu mbili za mtambo huo, ambazo zilipaswa kuwa huru, zimefungamanishwa hata uwezo wake wa kweli ni wa biti 40 tu. Nambari ya aina hiyo, trilioni moja na kidogo, kompyuta huimaliza. Watafiti walijaribu kuunda mitambo ya namna ile kwa bahati nasibu, mara milioni moja, na hakuna hata mmoja uliokaribia udhaifu huo. Taarifa ya mwaka 1998 ya watengenezaji ilikuwa imetaja kwamba kanuni yapasa iruhusiwe na sheria za kuuza nje za wakati ule. Msomaji aweza kuziunganisha habari hizi mbili mwenyewe. Wenye viwango waliipiga marufuku mwaka 2013. Mwaka 2021 bado ilikutwa katika baadhi ya simu zilizokuwa sokoni.

Isidhaniwe hata hivyo kwamba kuachwa wazi ni sawa na kutazamwa. Mwezi wa Aprili 2014 ilitangazwa kasoro iliyopewa jina la Heartbleed, katika programu ya OpenSSL, ambayo sehemu kubwa ya intaneti huitegemea kwa kufumba. Hapakuwa na kosa katika hesabu za fumbo. Mwandishi wa programu alisahau kuangalia kama urefu uliotajwa na mgeni ni urefu wa kweli, na mgeni mwongo akarudishiwa vipande vya kumbukumbu za kompyuta visivyo vyake, pengine pamoja na funguo zenyewe. Programu hiyo ilikuwa wazi kwa kila mwenye macho kwa miaka miwili. Mlango uliachwa wazi kwa ukaguzi, lakini wakaguzi hawakuja, kwa kuwa hakuna aliyewalipa. Walioiona hatimaye, kila mmoja kwa njia yake, walikuwa mhandisi wa Google na watu wa kampuni ya Codenomicon ya Ufini. Na hapa kazi ya makampuni iliwatangulia maprofesa.

Kazi iliyopo sasa ni ya kujiandaa kwa mashine ambayo bado haijakamilika. Mwaka 1994 Peter Shor, katika maabara za Bell, alionyesha kwamba kompyuta itumiayo kanuni za fizikia ya chembe ndogo kabisa, iitwayo kompyuta ya kwanta, ikipatikana kwa ukubwa wa kutosha, itavunja njia za Stanford na MIT zilizotajwa juu. Mwaka 2016 NIST ilifungua mashindano mengine kwa mtindo wa AES, na maombi 69 yakaingia katika duru ya kwanza. Mojawapo liliitwa SIKE. Mizizi yake ilikuwa ya mwaka 2011, timu yake ilikuwa na maprofesa pamoja na watu wa Microsoft na Amazon, na Microsoft ilitangaza zawadi ya dola 50,000 kwa atakayelivunja. Lilipita duru baada ya duru. Mwishoni mwa Julai 2022, majuma machache baada ya kupelekwa katika duru ya nne, Wouter Castryck na Thomas Decru wa Leuven, chuo kile kile cha Rijmen, walilivunja kwa kompyuta ya kawaida, kwa muda wa saa moja hivi. Walitumia nadharia ya mwaka 1997 ya Ernst Kani wa Kanada, kazi ya hesabu safi ambayo haikuandikwa kwa ajili ya mafumbo hata kidogo. Watengenezaji wa SIKE hawakubishana. Waliandika wenyewe kwamba fumbo lao si salama na lisitumike.

Vipimo vitatu vilivyosalimika vilitolewa tarehe 13 Agosti 2024. Mwezi wa Machi 2025 liliteuliwa na fumbo la akiba, HQC, lililojengwa juu ya hesabu za namna nyingine, likae tayari iwapo lile la kwanza la kupatana funguo litavunjwa.